Mswaki uliosimama

Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipouona mti wa mswaki kwa mara ya kwanza, ilhali nilikuwa nimeutafuna tangu utotoni. Niliujua ukiwa mkononi tu: kijiti cha urefu wa shibiri, kimefungwa uzi pamoja na wenzake, kimepangwa juu ya gunia nje ya msikiti baada ya Sala ya Ijumaa. Unalibandua gome kwa meno, unalitema, unatafuna ncha mpaka nyuzi zinafumuka, na ule ukali wake unakupanda puani. Elimu yangu iliishia hapo. Mtu angeniuliza jani lake likoje, au ua lake lina rangi gani, ningebaki kumtazama.

Nilikuwa nimehamishwa kikazi kwenda kufundisha kaskazini mwa Malindi, kwenye barabara ya Garsen, baina ya Gongoni na Marereni. Aliyepita huko anaijua ile nchi. Upande wa bahari kuna mikoko, ikifuatiwa na mabwawa ya chumvi, halafu vilima vyeupe vya chumvi vinavyosubiri malori. Kusi ikivuma, nguo ulizoanika zinakauka zikiwa na chumvi. Nilinunua kiwanja kidogo, nikajenga vyumba vitatu, nikachimba kisima. Maji yaliyotoka yalikuwa mazito ya chumvi hata sabuni haikutoa povu.

Mimi nimelelewa Kisauni, kwenye uwanja wenye mwembe na mkungu, na kwangu nyumba isiyo na kivuli haijaisha kujengwa. Nikapanda mlimau. Nikapanda mkomamanga, mpapai na mstafeli. Kitalu kimoja mjini kiliniuzia miche 20 ya ua, nikahakikishiwa kwamba huo hauogopi chumvi. Yote ilikufa kwa namna moja: ukingo wa jani unaanza kuungua, rangi ya kahawia inatambaa kuelekea kwenye uti, kisha jani linakunjamana na kudondoka likiwa kavu kama karatasi. Nilizidisha maji nikidhani ni kiu. Kila ndoo niliyoteka ilikuwa inaongeza chumvi kwenye mizizi.

Jirani yangu, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, alinitazama kwa miaka miwili bila kusema kitu. Siku nilipokuwa nang'oa mkomamanga wa tatu, alikuja akasimama kwenye mpaka.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "hapa kitakachomea kimeshamea. Wewe ni kukiangalia tu."

Akanichukua nyuma ya mashamba ya chumvi, pale ardhi inapoacha kuwa ya mikoko na haijawa bado ya kulimika. Udongo ulikuwa umepasuka, na chumvi imeacha utando mweupe kwenye nyufa. Katikati ya ukame ule kulikuwa na kitu kama kibanda cha kijani. Matawi yaliinuka kutoka kwenye shina lililopindapinda, yakapanda kiasi cha mita 4, kisha yakainama mpaka yakagusa ardhi pande zote. Ilikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imekausha kila kitu, na mti ule haukuwa na jani moja la njano. Nikamuuliza ni mti gani. Hakujibu. Alivunja kitawi, akakibandua gome kwa kucha, akanipa nikinuse.

Nilikaa pale muda. Nilikuwa nimeshika kitu nilichokijua maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza kilikuwa na majani.

Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ya mviringo ulionyooka kidogo, mazito kuliko yanavyoonekana. Ukilitafuna linaanza na chumvi, halafu unakuja ukali kama wa haradali. Chumvi hiyo haijaingia kwa bahati mbaya, mti unaiishi. Kandokando ya Ziwa Chad watu walikuwa wakiuchoma mswaki na kuchuja majivu yake ili wapate chumvi ya kupikia. Na pale Garsen, nikingoja basi, mfugaji mmoja wa ngamia aliniambia kwamba ngamia aliyeshinda kwenye mswaki humjua kwa maziwa yake kabla hajamwona. Jinsi alivyolisema neno hilo, kwa mapenzi, nilielewa kwamba kwake mti huu ni malisho kwanza, na kusafisha meno ni jambo la baadaye.

Kila jamii ya nchi kavu ina jina lake. Wakamba huuita mukayau, Wamaasai oremit, Waturkana esekon. Huko Turkana tunda lake ni chakula: huliwa bichi, hukaushwa likawekwa. Waarabu huuita araki. Kwenye vitabu vya mimea ni Salvadora persica, jina alilolichapisha Linnaeus mwaka 1753. Salvadora ni kwa heshima ya mfamasia wa Barcelona, na persica maana yake ni wa Uajemi. Nadhani jina hilo la pili limetuponza. Hapa pwani wengi wanaamini mswaki wa kweli ni ule unaotoka Makka, au ule unaouzwa umefungwa ndani ya plastiki kutoka Pakistani. Nimewaona watu Mombasa wakiulipia bei ya mkate mzima, na huku mti wenyewe umesimama nyuma ya mikoko yetu, na umeenea tangu Senegali na Mauritania mpaka Namibia, ukipitia kwetu. Haukuletwa na jahazi. Uko hapa.

Kuna jambo limekuwa likinichoma kila ninapofikiria udongo wa chumvi na miti. Mwaka 1973 mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, uliletwa kwenye viunga vya Mombasa ili kufunika machimbo ya mawe ambayo hayakuwa yakimea kitu. Baadaye ukapandwa Baringo na kando ya Mto Tana, kwa nia njema: kuni, kivuli, kuzuia upepo. Leo kila mtu aliyefika Hola au Marigat anajua ulichofanya. Umeziba njia za maji, umefunga malisho, miiba yake inatoboa matairi. Maganda yake yana sukari nyingi, na mbuzi wanaoyala sana huoza meno. Mwaka 2006, wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, walimpeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno ili aonekane. Namfikiria sana mbuzi yule. Tulitafuta ng'ambo mti wa kustahimili chumvi na ukame, tukaupata ule unaong'oa meno, na nyumbani tulikuwa na ule unaoyasafisha.

Basi nikaamua kuupanda.

Bibi alinipa matunda aliyoyachuma, makavu, ya mwaka uliotangulia. Nikachimba vishimo vidogo kwenye vifuu 40 vilivyojaa udongo, nikatia tunda zima zima kila kimoja, nikamwagilia. Ilimea miwili. Nikarudi kwake nikilalamika kwamba mbegu zilikuwa mbovu.

"Uliziosha?"

Sikuwa nimeziosha. Nyama ya tunda huizuia mbegu isimee, na huo ni ulinzi: mbegu inangoja ipite kwanza tumboni mwa ndege, ambaye ataivua ile nyama na kuiweka mbali na mama yake. Mtu akitaka kupanda hana budi kufanya kazi ya tumbo la ndege. Mwaka uliofuata nilichuma matunda mabivu, nikayaponda kwa vidole ndani ya maji ya mvua, nikayasugua kwenye chujio la nazi mpaka zikabaki mbegu tupu, kila tunda mbegu moja, nikaziatika siku ileile. Kati ya 30 zilimea 21, ya kwanza siku ya 9.

Nikapata kosa jingine. Vifuu ni vifupi. Nilipoitoa miche baada ya miezi mitatu nilikuta mzizi mkuu umefika chini, umegonga, umezunguka kama springi ya saa. Mti huu unaishi kwa kushuka. Kabla haujajishughulisha na majani unatafuta maji ya chini yasiyo na chumvi nyingi, na mzizi uliojikunja ukiwa mchanga hauwezi kufanya hivyo vizuri. Mingi ya ile miche ilidumaa. Tangu hapo naatika kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, nimezikata shingo na kuzitoboa kitako, na naupeleka mche shambani mapema, ukiwa na majani sita hadi nane, masika yakishatulia. Miezi mitano ya mwanzo naumwagilia maji ya mvua niliyokinga, mara moja kwa wiki. Baadaye maji ya kisima yanautosha, na baadaye tena hauhitaji mkono wa mtu.

Njia nyingine ni machipukizi. Mswaki mkubwa hutoa vichipukizi kwenye mizizi yake, na ukichimba kwa uangalifu ukakata kimoja na mzizi wake mwanzoni mwa mvua, kinashika. Mimi napenda zaidi mbegu, kwa kuwa kila mche wa mbegu una tabia yake. Ninao mmoja unaozaa matunda meupe yanayoelekea waridi, na mwingine wa matunda ya zambarau iliyokolea, na yote ilitoka kwenye mti mmoja wa nyuma ya mabwawa.

Mbuzi wanaupenda. Zungushia miba ya mgunga mpaka upite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Na usihesabu siku. Mwaka wa kwanza mti wangu mkubwa kuliko yote ulikuwa na urefu wa mkono wa mtoto. Mke wangu alikuwa akiupitia na ndoo akitikisa kichwa. Mwaka wa nne ulinifika kifuani, ukaanza kuinamisha matawi. Mwaka wa tano ukatoa maua.

Ua la mswaki ni dogo mno. Ni la kijani kilichochanganyika na weupe, limekusanyika na wenzake kwenye vishada vilivyolegea, na mtu anaweza kupita mara kumi asilione. Nilijua mti umechanua kwa kusikia. Asubuhi moja ya Jumapili nilikuwa napiga pasi sare za watoto karibu na dirisha, nikasikia mvumo, nikadhani ni jenereta la mbali. Nilipotoka, mti mzima ulikuwa unavuma: nyuki, nyigu wembamba, nzi wa rangi ya shaba, na wadudu wengine ambao sikuwahi kuwaona uwanjani pangu. Miaka sita nilikuwa nimeishi hapo nikidhani wadudu wa sehemu ile ni mbu na siafu.

Vipepeo walikuja kwa jambo jingine. Kuna jamii moja, Colotis, na baadhi yao hulea watoto wao kwenye mswaki. Mmoja ana rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa, kingo za mbawa nyeusi zenye madoa. Nilimfuata jike mmoja saa nne ya asubuhi. Hakujali maua. Alikuwa anarukaruka kwenye majani machanga ya ncha za matawi, anatua, anagusagusa jani kwa miguu ya mbele, anaondoka, anatua jingine. Akachagua moja, akapinda mwisho wa tumbo. Alipoondoka nilipiga magoti nikaangalia: vijiyai vimesimama wima kwenye jani, vyembamba, vimepangwa karibu karibu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Baada ya siku chache viwavi wa kijani walikuwa wamejipanga pamoja kwenye jani lile, rangi yao ndiyo rangi ya jani, na nilikuwa nawaona tu pale walipokuwa wameacha kingo zimemegwa.

Ukali ule ule tunaousikia puani ni silaha ya mti dhidi ya walaji. Jamii hiyo ya vipepeo ina namna ya kuuvunja makali tumboni, na hivyo chakula kinachowashinda wengine kinakuwa chao. Mti wangu uliliwa majani mwaka ule, ncha nyingi zikabaki vijiti. Jirani mmoja alinishauri ninunue dawa ya kupuliza. Sikununua. Baada ya wiki tatu ulikuwa umechipua tena, na shore walikuwa wameshawapunguza viwavi.

Matunda yalipoiva ndipo nilipoelewa yule bibi alichokuwa anasema kuhusu kuangalia.

Tunda ni la kiasi cha punje ya pilipili manga, likinenepa kidogo. Lina utamu wa haraka, halafu ukali unafuata nyuma yake. Shore ndio walioanza, wawili wawili, wenye kelele. Kisha kwenzi, kundi, manyoya yanametameta, wakala na kumwaga. Kanga kutoka vichakani wakawa wanakuja alasiri kuokota yaliyomwagika. Lakini wenye mti ni pasa. Waliniletea furaha ambayo sikuitazamia. Pasa hatui kama ndege wengine. Anajitupa ndani ya majani, anang'ang'ania, anapanda kama panya kwa kucha na mdomo, mkia mrefu ukining'inia nyuma. Hawa wa kwetu wana doa la buluu kisogoni, na wakiruka wanapiga mluzi mwembamba unaoshuka. Saa mbili asubuhi, wakishashiba, wanajining'iniza kwenye matawi ya juu upande wa mashariki, kifua na tumbo wamevielekeza juani, na wanabaki hivyo, hawatikisiki, kama mafungu ya nyuzi za katani. Nimechelewa kazini zaidi ya mara moja kwa ajili yao.

Mwaka mmoja tulikwenda Tsavo Mashariki na wanafunzi wa darasa la saba. Tulifika kwenye Mto Galana, na kando ya mto, katikati ya mikoma, niliona vile vibanda vya kijani. Mswaki, mmoja baada ya mwingine, mikubwa mara tatu kuliko wa kwangu. Chini ya mmoja, ndani ya sketi ya matawi, alilala simba jike na watoto wawili, na wanafunzi walimwona kabla yangu. Mbele kidogo ndovu alikuwa anavuta matawi taratibu, akiyapindisha mdomoni. Niliwaambia watoto kwamba huu mto ndio Sabaki yetu, ule unaotia wekundu bahari ya Malindi mvua ikinyesha bara, na huu mti ndio ule ule wa nyuma ya mabwawa ya chumvi. Mtoto mmoja akauliza kama ndovu naye anapiga mswaki. Wenzake walicheka. Mimi swali lake nimelichukulia kwa uzito tangu siku ile, kwa sababu alikuwa wa kwanza kwenye basi lile kuufikiria mti kwa upande wa mnyama.

Ile sketi ndiyo jambo ninaloligombania zaidi. Pwani tunaheshimu uwanja uliofagiwa. Mti ukikua, mtu anachukua panga, anakata matawi ya chini, anafagia, anaweka kiti. Mwembe unaweza kuuvumilia mtindo huo. Mswaki ukiukata sketi umeufukuzia wageni wake wote. Ndani ya matawi yale yaliyogusa ardhi kuna giza na ubaridi saa nane mchana, majani makavu yamejirundika, mijusi wanapita, na kwangu shore wamejenga humo mara mbili. Upepo wa chumvi haufiki. Mke wangu alikuwa na hofu yake na ilikuwa ya haki.

"Baba watoto, nyoka watajificha humu."

Sikumbishia. Tulikubaliana: miti yenye sketi iko hatua 15 kutoka mlangoni, upande wa nyuma, na mbele ya nyumba tunaacha peupe pamefagiwa. Watoto wanajua hawaingizi mikono wasikokuona. Naye ndiye sasa anayeniita pasa wakifika.

Mwaka wa saba nilisafiri Mombasa wiki mbili kwa msiba. Niliporudi, nilikuta upande mmoja wa mti mkubwa umefukuliwa. Handaki la urefu wa dhiraa tatu, la kina cha goti, limeachwa wazi, na mizizi iliyokuwa humo imekatwa safi kwa panga. Mswaki bora hutoka kwenye mzizi, kila mtumiaji anajua. Una nyuzi laini na ukali zaidi. Aliyekuja alijua anachofanya. Alichukua mizizi ya upande wa bondeni yote, ile iliyokuwa inashuka kwenye maji. Ndani ya mwezi mmoja nusu ya mti iligeuka njano, rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye jani lake hai, na matawi ya upande ule yakakauka.

Nilikuwa na hasira kwa muda mrefu. Halafu Ijumaa moja nikiwa mbele ya lile gunia nje ya msikiti nilivitazama vile vijiti, vinono, vya mzizi, na nikahesabu ni mafungu mangapi nimeyanunua tangu nianze kununua mwenyewe. Nilimuuliza mzee anayeviuza vinatoka wapi. Akaniambia zamani walikuwa wanachimba nyuma ya mikoko tu, asubuhi unakwenda, adhuhuri umerudi. Siku hizi vijana wanapanda pikipiki mpaka karibu na Garsen.

"Na hiyo mliyoichimba, mzee, ilipandwa na nani?"

"Mswaki haupandwi, Mwalimu. Unaota."

Nilifukia handaki, nikatia samadi, nikakinga maji ya mvua kwa ajili ya ule mti mmoja tu. Ulipona upande ule kwa kuchipua kutoka chini, machipukizi mengi, mazito. Tangu siku ile mswaki wangu nakata kwenye tawi. Tawi la unene wa kidole kidogo linatosha, likikatwa juu ya kifundo linachipua tena mara mbili, na ukilitumia lingali bichi siku hiyo hiyo tofauti yake na mzizi ni ndogo. Wanaolinganisha wataona mzizi ni mkali zaidi, ni kweli. Nimeamua kuishi bila ukali huo.

Mzee yule alikuwa na kweli yake kuhusu kuota. Nina kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kutoka kwenye nguzo ya umeme wa sola mpaka kwenye mkilifi ulioachwa na mwenye kiwanja wa kwanza. Shore na kwenzi wakishakula hupumzika pale, na kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akilalamikia shuka zenye madoa ya zambarau. Masika ya mwaka juzi nilikuwa napalilia chini ya kamba, jembe likapita karibu na kitu nilichokitambua. Majani mawili mawili, yanatazamana, mazito. Nikaweka jembe chini nikaangalia kwa mikono. Ilikuwa 11, imefuatana chini ya kamba kwa mstari karibu ulionyooka, mmoja hata umeota kwenye ufa wa saruji ya nguzo. Chini ya mkilifi kulikuwa na 4 zaidi. Mimi nilikuwa nimehangaika na vifuu na chujio la nazi, na ndege walikuwa wamepanda safu nzima, bila kumwagilia, kwenye udongo ule ule ulioniulia mlimau.

Siku hizo hizo nilipita njia ya shimo la zamani nyuma ya mabwawa. Mti wa bibi, ule wa kwanza, haukuwepo tena. Kulikuwa na mashimo. Bibi mwenyewe tulikuwa tumeshamzika mwaka mmoja kabla, na nilishukuru kwamba hakuyaona. Lakini miti yangu yote ni watoto wa mti ule, na ile 11 ya chini ya kamba ni wajukuu, na hilo nililisema kwa sauti pale pale, nikiwa peke yangu.

Ile miche ya chini ya kamba niliihamisha mapema, kabla mizizi haijashuka sana, kila mmoja na donge lake la udongo. Mitano nilipanda mpakani. Mitatu ilikwenda shuleni, nyuma ya vyoo, ambako hakuna kitu kilichowahi kumea, na darasa la sita wanaichunga kwa zamu. Mitatu nilimpelekea mzee wa gunia. Nilidhani atakataa. Aliipokea moja moja, akaishika chupa kwa mikono miwili, akalitafuna jani, akatabasamu. Aliipanda pembeni mwa msikiti, pale maji ya udhu yanapotokea nje ya ukuta, akaizungushia miba.

Miwili imeshika. Ijumaa iliyopita mmoja ulikuwa umenifika magotini. Mzee ameweka gunia lake karibu nao sasa, na nilipoinama kuchagua kijiti cha tawi, ambacho ameanza kuviuza pembeni kwa bei ya chini, niliona juu ya ukuta kinyesi cha ndege, kibichi, cha zambarau, chenye mbegu mbili ndani. Miti ile haijazaa bado.